Boma la Kasanga

Mke wangu huipenda historia kuliko mimi niliyeifundisha. Ndiye aliyenishawishi tutoke Kipili kwa boti, tuelekee kusini hadi Kasanga, tuyaone magofu ya boma ambalo Wajerumani waliliita Bismarckburg.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, zikakokotwa nchi kavu kupitia milima ya Katanga. Juni 1916 Wajerumani walitoroka Kasanga usiku. Julai wakaizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ile ile tuliyoipanda sisi watu wa Kipili kwa miaka mingi.

Nilipokwisha kueleza hayo, mke wangu akauliza, "Mwalimu, waliofyeka njia na kubeba mizigo walikuwa akina nani?"

Swali hilo ni zito. Vitabu humtaja kamanda wa mashua hizo, Spicer-Simson, hata kwa vituko vyake. Wapagazi hutajwa kwa maelfu tu.

Tangu siku ile, kila tufikapo mahali palipopiganwa vita, huwauliza wazee majina ya babu zao, naye huyaandika daftarini. Mawe yatangoja, wazee hawatangoja.