Jiwe Lililorudi Aksum

Nchi ya Uhabeshi imekaa juu ya milima. Mji wa Aksum, ulioko Tigray upande wa kaskazini, uko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani kama mimi huona tabu ya pumzi siku za mwanzo. Nilikwenda huko mwaka 2012 ili niione minara ya mawe niliyokuwa nikiisoma vitabuni.

Minara hiyo ilichongwa kiasi cha miaka 1,700 iliyopita iwe alama ya makaburi ya wakuu. Kila mmoja ni jiwe moja tu, lililokatwa nje ya mji na kuburutwa hadi makaburini. Ulio mkubwa kuliko yote, wa meta 33, umelala chini vipande vipande. Lakini mimi niliufuata ule wa meta 24, wenye milango na madirisha ya kuchongwa, yasiyofunguka.

Mnara huo majeshi ya Mussolini yaliukuta umeanguka na kuvunjika. Mwaka 1937 wakauchukua, wakausimamisha Roma kama nyara. Adwa, ambako Wahabeshi waliwashinda Waitalia mwaka 1896, si mbali na Aksum. Bila shaka aibu ile ilikuwa haijasahauliwa. Mkataba wa amani wa 1947 uliitaka Italia irudishe ilivyochukua. Jiwe likarudi Aprili 2005, kwa ndege, katika vipande vitatu, na likasimamishwa tena mwaka 2008.

Sisi Watanzania tunayajua mambo hayo. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru fuvu la Mtwa Mkwawa lirudishwe, nalo likafika Uhehe mwaka 1954. Ahadi ya mwenye nguvu, ndugu msomaji, huandikwa siku moja, lakini hutimizwa pale tu mwenye haki asipochoka kudai.

Nilimwuliza mzee mmoja aliyejitanda shuka nyeupe, jiwe hili lina faida gani kwa mkulima. Akanijibu kwa mkalimani:

"Mwanangu, alama ya kaburi la babu yako ikisimama uani kwa mtu mwingine, wewe utalala?"

Vita vya Tigray vilizuka Novemba 2020, na mwezi huo huo mamia ya raia waliuawa Aksum. Mapigano yalisimamishwa kwa mapatano ya Novemba 2022. Minara ingali imesimama. Tumezoea kuuhesabu urithi kwa meta na kwa miaka, na kumsahau yule anayekosa usingizi kwa ajili yake. Jiwe lililovunjika liliungwa, nalo likasimama. Watu wale hawaungiki, na nani atakayelidai jiwe likichukuliwa tena, kama si watoto wao?