Extra Golden, albamu ya pili na mzee wa gitaa

Wadau, leo naomba tupumzike kidogo na habari za bei ya mahindi na mbolea. Nataka tuongee muziki, hasa albamu moja iliyotoka mwaka 2007, wakati mimi bado niko shule ya msingi hapa Sumbawanga. Enzi hizo barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa vumbi tupu na umeme tulikuwa tunaupata kutoka Zambia. Muziki ulitufikia kwa redio na kwa kanda za madereva wa malori. Albamu hiyo haikutufikia kabisa. Nimekuja kuisikia chuoni Dar, baada ya jamaa yangu wa hosteli, Mjaluo wa Rorya, kunirushia kwenye flashi.

Inaitwa Hera Ma Nono, kwa Kijaluo mapenzi ya bure, yaani yasiyokuwa na faida. Bendi ni Extra Golden, Wakenya na Wamarekani, benga na roki katika chungu kimoja.

Tuanzie mbali kidogo. Benga ni muziki wa Wajaluo wa Kenya na Tanzania. Wapiga gitaa walichukua namna ya kudonoa nyuzi za nyatiti wakaihamishia kwenye gitaa, besi ikawa inatembea nayo haiachi nafasi. Anayeitwa mfalme wa benga, D. O. Misiani wa Shirati Jazz, alizaliwa Shirati, mkoani Mara, akajijengea jina ng'ambo ya mpaka, Kenya. Alifariki Mei 2006 kwa ajali ya gari. Benga lilisafiri mpaka Zimbabwe, ambako watu waliliita kanindo, kwa jina la mtayarishaji Oluoch Kanindo. Kwa hiyo msidhani huu ni muziki wa watu wa ziwa peke yao.

Sasa huyu Ian Eagleson alikuwa mwanafunzi wa Kimarekani aliyekuja Nairobi kufanya utafiti wa benga kwa ajili ya shahada ya udaktari. Watafiti wa muziki tunawajua. Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 na 1952 na mashine yake ya kurekodi, na kazi yake leo ni hazina. Lakini utaratibu wa wengi ni uleule: anakuja, anarekodi, anaondoka. Eagleson aliukiuka. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki iliyoitwa Golden, pamoja na mwenzake Alex Minoff. Nairobi alifahamiana na mwimbaji na mpiga gitaa Otieno Jagwasi wa Orchestra Extra Solar Africa. Unganisha majina ya bendi hizo mbili unapata Extra Golden. Hata jina lenyewe waligawana!

Mwaka 2004 walirekodi Nairobi kwa vifaa vya kubeba mkononi. Albamu hiyo ya kwanza, Ok-Oyot System, ilitoka 2006 kwa kampuni ya Thrill Jockey ya Chicago. Ok oyot maana yake si rahisi. Na kweli haikuwa rahisi, kwa sababu Jagwasi alifariki mwaka 2005, kabla albamu haijatoka. Kazi yake ilifika madukani mwenyewe yuko kaburini.

Hapo bendi nyingi zingeishia. Mwimbaji hayupo, nusu ya bendi iko Kenya na nusu Marekani, tena hakuna hela. Wao wakamchukua Opiyo Bilongo, mwimbaji na mpiga gitaa mwenye jina lake katika benga, aungane na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari. Mwaka huohuo wa 2006 wakaalikwa kwenye tamasha la muziki wa dunia la Chicago. Viza za Wakenya zikakwama. Aliyesaidia kuzikwamua ni ofisi ya seneta wa Illinois wakati huo, Barack Obama. Wakapanda ndege, wakapiga muziki, na albamu ya pili wakairekodi hukohuko Marekani.

Ndiyo maana ndani ya Hera Ma Nono kuna wimbo unaoitwa Obama. Ulitoka 2007, zaidi ya mwaka mmoja kabla hajachaguliwa rais. Wengi wakidhani ni wimbo wa kampeni, lakini asili yake ni asante ya watu waliopata viza. Mila ya benga iko hivyo, aliyekusaidia unamtaja kwa jina ndani ya wimbo.

Upo na wimbo unaoitwa Night Runners, yaani wakimbiaji wa usiku. Ujaluoni hao ni wachawi, jajuok. Mimi mtu wa Sumbawanga, mji ambao jina lake tunaambiwa maana yake ni tupa uchawi, nilicheka peke yangu.

Kwa masikio yangu albamu ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza ni marafiki wamekutana. Hii ya pili ni bendi. Magitaa yanapishana bila kugongana, na ukisikiliza kwa muda unasahau kuuliza wapi benga linaishia na roki inaanzia. Na urafiki wenyewe haukuishia studio. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 vurugu zilipolipuka, marafiki na mashabiki walichanga hela kuzisaidia familia za wanamuziki. Albamu ya tatu, ya 2009, ikaitwa Thank You Very Quickly. Asante tena.

Kwa nini nawasimulia haya? Mwaka jana nilikuwa kijiji kimoja huku bondeni, Ziwa Rukwa, kwa kazi nyingine ya gazeti. Nikamkuta mzee mmoja mwenye gitaa la nyuzi tatu, mbili zilishakatika siku nyingi. Nikamwamkia, nikamwomba apige. Alipiga vizuri sana. Akaniambia zamani alikuja mgeni akamrekodi kutwa nzima, akaahidi kumletea kanda. "Bado namsubiri, mwanangu," akasema. Kisha akaniuliza, "Na wewe hiyo simu yako inarekodi?"

Ilikuwa inarekodi. Nikaizima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama nilifanya vyema. Kuzima simu hakukumpa mzee chochote. Jagwasi alipata mtu aliyerudi, na jina lake likabaki juu ya kazi. Kwa hiyo nimeamua: mwezi ujao nashuka tena bondeni, na nyuzi mpya mfukoni, nimrekodi, na nakala ya kwanza iwe yake.

Mwenye kujua duka la nyuzi za gitaa hapa mjini anijulishe. Nawasilisha.