Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, 1926–1961

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana kwa mara ya kwanza jijini Dar es Salaam tarehe 7 Desemba 1926, Gavana Donald Cameron akiwa mwenyekiti. Viti vingi vilishikwa na maofisa wa serikali. Vilivyobaki walipewa Wazungu na Waasia walioteuliwa na Gavana mwenyewe. Mijadala iliendeshwa kwa Kiingereza, na masilahi ya Waafrika yalihesabiwa kuwa mikononi mwa Gavana na maofisa wake. Kwa takriban miaka 19 wenye nchi walitungiwa sheria bila hata mmoja wao kuwamo.

Mwaka 1945 waliteuliwa Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia kutoka Usukuma na Chifu Abdiel Shangali kutoka Uchagga. Mwaka 1953 Baraza lilipata Spika wa kwanza, Brigedia William Scupham. Miaka miwili baadaye viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali viligawanywa sawasawa: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Usawa huo ulikuwa dhuluma iliyopambwa, kwa kuwa Waafrika walizidi milioni 8 na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Julius Nyerere, aliyeteuliwa kuwa mjumbe mwaka 1957, alijiuzulu kabla mwaka haujaisha.

Uchaguzi wa kwanza ulipotangazwa, ulikuja na masharti ya kipato, elimu au cheo, na juu yake kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Wanachama wengi wa TANU, chama cha Waafrika kilichoongozwa na Nyerere, walitaka kususia. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi washiriki, kwa hoja kwamba kususia kungewaachia wapinzani wao Baraza zima. Mwanachama mwenzao, Zuberi Mtemvu, hakukubali. Alijitoa na kuunda chama chake, African National Congress. Uamuzi wa Tabora ndio uliogeuza historia ya Baraza. TANU haikusimamisha Waafrika peke yao, bali iliwaunga mkono pia Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, wakiwemo Amir Jamal na Derek Bryceson. Kura zilipigwa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na mtego uliotegwa kuizuia TANU ukawanasa walioutega: chama cha UTP, kilichopendelewa na serikali, hakikuambulia kitu.

Agosti 1960, kura tatu ikiwa imekwisha kuondolewa, TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Baraza likawa Bunge, likiendelea kukutana katika Ukumbi wa Karimjee. Mwaka uliofuata kiti cha Spika kilikwenda kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani.