Ukuta wa Udongo na Uzi wa Chandarua: Masalia ya Dawa ya Mbu katika Pwani ya Kilifi

Nyumba ya fito iliyokandikwa udongo na kuezekwa makuti, ambayo kwa vizazi vingi imekuwa makao ya Wagiriama wa Kilifi na Malindi, iliwapa wataalamu wa malaria swali gumu kuliko walivyotarajia. Baada ya Paul Müller kugundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu, mkakati ulikuja kuwa kupulizia gramu 1 au 2 kwa kila mita ya mraba ya ukuta, ili mbu anayetua kupumzika baada ya kunyonya damu afe kwa kugusa masalia, yaani dawa iliyobaki juu ya ukuta baada ya maji kukauka. Lakini mwaka 1951 Hadaway na Barlow walionyesha kwamba udongo mkavu hufyonza chembe za dawa hadi ndani, na hivyo dawa huweza kuwa ingalimo ukutani kwa uzito wake wote bila kumdhuru mbu hata mmoja.

Ndiyo sababu vipimo vikawa viwili. Cha kwanza ni cha kikemia: karatasi za kuchujia hubandikwa ukutani kabla ya kupulizia, kisha hupelekwa maabara kujua kiasi kilichofika. Cha pili, ambacho ndicho chenye uzito zaidi kwa mwenye nyumba, humtumia mbu mwenyewe: koni ya plastiki hubanwa ukutani, mbu wa kike wapatao 10 huingizwa kwa mrija na kuachwa humo dakika 30, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa; wakiwa chini ya asilimia 80, dawa huhesabiwa kuwa imeisha nguvu. Zoezi hilo hurudiwa mwezi baada ya mwezi, kwa kuwa masizi ya jikoni hutanda juu ya dawa, na ukuta uliopasuka kwa mvua sharti ukandikwe upya. Si haki kumlaumu mama anayetengeneza nyumba yake kwamba amefukia dawa.

Huko Kilifi, ambako kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kilianzishwa mwaka 1989, jaribio la miaka ya 1993 hadi 1995 lilihamishia swali la kudumu kwa dawa kutoka ukutani hadi kwenye kitambaa. Vyandarua vilichovywa katika dawa ya permethrini, vikachovywa tena kila baada ya miezi 6, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa asilimia 33. Jaribio lilipokwisha na familia zikatakiwa kuchangia gharama, uchovyaji ulishuka vibaya, jambo linaloonyesha kwamba masalia ya dawa hutegemea mfuko wa mlezi sawasawa na kemia ya dawa yenyewe.

Vyandarua vya kudumu, vilivyoanza kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001, vilitakiwa kustahimili kufuliwa mara 20, na baadhi vina dawa ndani ya nyuzi zenyewe, inayojitokeza juu polepole. Hata hivyo koni ingali ikitumika, na sasa jibu lake hutegemea pia mbu aliyewekwa ndani: wa maabara, asiye na usugu, hupima dawa, ilhali aliyekamatwa kijijini hupima kinga halisi ya anayelala ndani ya chandarua.