Filamu ya Juzi Kwenye Meza ya Wazee

Kila ikitoka orodha ya filamu bora za wakati wote, rafiki yangu mmoja huanza kuhesabu umri. "Hii ina miaka mitatu tu, imefuata nini hapa?" Ndivyo alivyosema Desemba 2022, jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipotoa matokeo ya kura yake, ile inayopigwa kila baada ya miaka kumi. Portrait of a Lady on Fire ya Céline Sciamma, iliyotoka 2019, ilikuwa ya 30. Parasite ya Bong Joon-ho, ya mwaka huohuo, ya 90. Kwake yeye filamu lazima ikae kwanza, kama achari juani.

Nilikuwa karibu kumkubalia, mpaka niliporudi kwenye kura ya kwanza, ya 1952. Namba moja ilikuwa Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, filamu ya 1948. Miaka minne tu! Baba amepata kazi ya kubandika mabango mjini Roma, kazi inataka baiskeli, na siku ya kwanza baiskeli inaibwa. Anazunguka kuitafuta, yeye na mwanawe mdogo. Mtu aliyewahi kuibiwa bodaboda ya mkataba hahitaji miaka hamsini ya kutafakari ili aelewe uzito wa jambo hilo, na wahakiki wa 1952 hawakuihitaji pia.

Ila katika kumi bora zilezile waliiweka na Louisiana Story ya Robert Flaherty, nayo ya 1948. Mvulana, mtumbwi, vinamasi, na mtambo wa kuchimbia mafuta; fedha zilitoka kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Leo nani anaitaja? Kufika 1962 ilishatoka kwenye kumi bora, na Citizen Kane ya 1941, ambayo mara ya kwanza haikuwemo humo kabisa, ikakaa juu kwa miaka hamsini. Mwaka huohuo wa 1962 namba mbili ilikwenda kwa L'Avventura ya Antonioni, iliyokuwa imezomewa Cannes 1960. Nayo ikaja kuteremka taratibu, na 1992 haikuwa tena kwenye kumi.

"Umeona?" ataniambia rafiki yangu. Nimeona. Lakini hasara iko wapi? Waliokosea walipiga kura tena. Louisiana Story haikumnyang'anya mtu kiti cha kudumu.

Hasara ninayoiona mimi iko upande wa kusubiri. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty ilitengenezwa Senegal, ikatoka 1973. Kijana na mpenzi wake wanazunguka Dakar kwa pikipiki yenye pembe za ng'ombe, wakiota Paris. Nakala yake ilikarabatiwa 2008. Kwenye kura ya 2012 filamu ikaingia mia bora, na 2022 ikapanda hadi nafasi ya 66. Mambéty alikuwa amefariki 1998. La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966, ilikuwa ya 95 mwaka 2022. Sembène alifariki 2007. Na cha kuchekesha, nafasi hiyohiyo ya 95 ilifungana na Get Out ya Jordan Peele, ya 2017. Miaka 51 kati yao, benchi moja. Zote mbili, ukiziangalia vizuri, zinamhusu mtu mweusi ndani ya nyumba ya Wazungu wenye tabasamu.

Kwa hiyo jamani, nani anafaidika tukisubiri? Filamu iliyotengenezwa Hollywood ina ghala na wanasheria. Ya kwetu ikikaa miaka hamsini bila kutajwa, huenda kusiwe na mkanda wa kukarabati. Kuitaja mapema ni sababu ya mtu kuitunza.

Nikipewa kura mwaka 2032, moja katika kumi zangu naipa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Siyo kwamba inamfikia De Sica. Katikati kuna mahali inajipenda mno kwa uzuri wa picha zake. Lakini Yasmin akitembea kwenye vichochoro vya Unguja ya miaka ya 1950, naona sura ambayo sijaiona katika filamu yoyote ya mia ile. Nilimwambia rafiki yangu hivyo. Akasema nisubiri, bado ni mapema mno. Nikamuuliza kama ameitazama.

Hajaitazama.