Ujenzi wa gharama nafuu ya nishati Kaskazini Mashariki

UJENZI unaohifadhi mazingira ni ule unaotumia nishati, maji na vifaa kwa kiasi, tangu msingi unapochimbwa hadi jengo linapokaliwa. Katika maeneo ya Buna, Wajir na Garissa, ambako jua ni kali karibu mwaka mzima, suala hili si anasa bali ni afya na riziki. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo na kuzisukuma familia nyingi za wafugaji kandokando ya miji. Nyumba zinazojengwa sasa ndizo watakamokulia watoto wao.

Nyumba ya asili
Aqal, nyumba ya wafugaji wa Kisomali, hujengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka iitwayo herio. Hupitisha hewa, hubebwa na ngamia na haiachi taka. Familia inapohamia mjini, mahali pake huchukuliwa na mabati. Bati lisilo na dari hupokea joto la jua na kulimwaga juu ya walio ndani.

Matofali yasiyochomwa
Mbinu inayoenea Afrika Mashariki ni ya matofali ya udongo yanayofungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa wiki kadhaa. Nchini Uganda, Dkt Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa walioyastawisha. Kwa kuwa hayachomwi, hayahitaji kuni, jambo lenye uzito katika eneo ambalo miti imekatwa sana kuzunguka kambi za Dadaab. Aidha, huokoa saruji, ambayo utengenezaji wake huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni itokanayo na shughuli za binadamu duniani.

Hata hivyo, si kila udongo unafaa. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, nao wenye mchanga mtupu haushikani. Maji ya kukomazia matofali nayo ni adimu.

Mwelekeo na paa
Buna iko karibu digrii 3 kaskazini mwa Ikweta. Kuta za mashariki na magharibi ndizo hupigwa na jua zaidi, hivyo yafaa ziwe fupi, na madirisha yaelekee kaskazini na kusini. Upenu mpana hukinga kuta dhidi ya jua na mvua. Paa la mita 100 za mraba hukusanya hadi lita 10,000 kwa kila milimita 100 za mvua.

Umeme wa jua
Kituo cha Garissa chenye uwezo wa megawati 54.6 kilizinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Kwa vijiji vilivyo mbali na gridi, mradi wa KOSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, unalenga kaunti 14, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Nyumba iliyo baridi kwa ujenzi wake haihitaji feni mchana kutwa. Paneli ndogo hutosha taa na simu.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio bora ni huu: mwelekeo kwanza, kisha upenu na dari, halafu paneli. Mwelekeo hauna gharama, lakini ukikosewa haurekebishiki.