Rangi ya Mkojo katika Historia ya Tiba ya Kifua Kikuu

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu yenye wekundu wa matofali, ilitokana na uchunguzi ulioanza mwaka 1957 katika maabara ya kampuni ya Lepetit mjini Milan, Italia, kwa kutumia bakteria waliopatikana kwenye udongo wa msitu wa misonobari huko Saint-Raphaël, Ufaransa. Baada ya kumezwa, sehemu ya dawa hiyo huchujwa na figo ikiwa bado na rangi yake, na kwa sababu hiyo mkojo, jasho na machozi ya mgonjwa hugeuka kuwa ya rangi ya machungwa bila ya kuwapo damu wala madhara yoyote.

Kabla ya rifampisini kupatikana, wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki walitibiwa kwa vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni kwa mwaka mmoja au zaidi, na wengi waliacha dawa mara tu kikohozi kilipotulia, ilhali mkojo wao haukuonyesha kwa macho kama walikuwa wamezimeza. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika nchi za Afrika Mashariki, yakishirikisha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalithibitisha kwamba rifampisini ikichanganywa na dawa nyingine huweza kufupisha tiba hadi miezi sita.

Tanzania, ambayo mpango wake wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977 kwa ushauri wa mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo, baadaye ilitumia rifampisini, iliyokuwa ghali, katika miezi miwili ya kwanza tu, mgonjwa akimeza dawa mbele ya mhudumu, kisha akaendelea na vidonge vya zamani kwa miezi sita. Utaratibu huo ulichangia mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika miaka ya 1990.

Mkojo wa rangi ya machungwa humwonyesha mhudumu kwamba mgonjwa amemeza rifampisini. Hata hivyo, rangi hiyo hutoweka baada ya siku moja hivi, kwa hiyo huthibitisha dozi ya karibuni tu wala haiwezi kuchukua nafasi ya usimamizi wa kila siku. Mgonjwa asiyeelezwa mapema anaweza kudhani kwamba anakojoa damu, akaiacha dawa inayomponya. Kwa hiyo maelezo ya mhudumu kabla ya kidonge cha kwanza ni sehemu ya tiba yenyewe.